Mbao za saruji zinachubuka chini ya ukuta, mkandarasi anataka nibadilishe nyumba nzima

MamaWawili_MN:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Naishi Minnesota, kaskazini kidogo ya Minneapolis. Nyumba tuliinunua 2019, ilijengwa 2005. Ukuta wa nje ni saidingi ya faiba simenti, zile mbao ndefu zinazofanana na mti lakini ukizigonga zinalia kama kigae. Siku ya ukaguzi yule mkaguzi alizisifia sana: haziliwi na mchwa, haziungui, zitakaa miaka hamsini. Tukaona tumepata.

Sasa mwaka huu theluji ilipoyeyuka nilikuwa nazunguka nyuma kuokota takataka, nikaona upande wa kaskazini mistari miwili ya chini kabisa inachubuka. Si rangi peke yake. Ubao wenyewe unaachia tabaka tabaka, kama chapati ya kusukuma ukiivuta kwa vidole. Ukibonyeza ukingo wa chini kwa dole gumba unazama kidogo. Urefu wa sehemu hiyo ni kama mita saba. Pia kuna sehemu ya pili: pale paa la gereji linapoishia kwenye ukuta wa nyumba, chini yake kuna doa jeusi linaloshuka, na mbao tatu zimevimba kwenye maungio.

Nimeita mkandarasi. Alikaa dakika kumi na tano, ukuta hakuugusa, akasema mali imefika mwisho wake, nibadilishe pande zote nne kwa dola 31,000. Wa pili akasema hakuna tatizo, atapiga maji ya presha kisha apake rangi, dola 4,500. Mimi ni nesi wa zamu ya usiku, mume wangu anaendesha lori, na mkubwa wetu anaanza chuo Septemba. Hiyo elfu thelathini na moja hatuna, na hiyo elfu nne na mia tano sitaki kuitupa.

Naomba anayejua kazi hii aniambie. Hizi mbao kweli zinadumu au tulidanganywa? Na kama zinadumu, mbona zangu zimeoza na hazijafika hata miaka ishirini na mitano?

KakaWaTacoma:

Dada pole. Mimi si fundi, lakini tulijenga nyumba hapa Tacoma 2018 na nilisimama pale kila siku baada ya kazi, kwa hiyo niliona mengi.

Kwetu huku mvua ni Oktoba mpaka Aprili. Mjenzi wetu hakupigilia saidingi moja kwa moja kwenye ukuta. Kwanza shuka ya kukinga maji, halafu fito za mbao zilizosimama wima, unene wa robo tatu ya inchi, ndipo saidingi ikapigiliwa juu ya fito. Nilimuuliza mbona anatumia mbao nyingi hivyo. Akaniambia maji yatapita tu, leo au kesho, na yakishapita lazima yapate mahali pa kushukia na hewa ya kuyakausha. Chini akaweka wavu ili panya na wadudu wasipande humo ndani.

Mpaka leo hakuna hata doa. Sijui kama Minnesota wanafanya hivyo, lakini kama utafungua ukuta wowote, uliza habari ya fito.

Na maji ya presha kataa. Mimi naosha kwa mpira wa bustani na brashi laini tu.

Fundi_Mkunazini:

Marahaba mwanangu. Nimeuona ujumbe wako jana usiku, nikasema nisijibu mbiombio. Leo Jumapili nimekaa, nakuandikia kwa kirefu.

Mie ni mtu wa Mkunazini, Unguja, babu yangu alikuwa seremala. Minnesota nilifika 2003. Saidingi nilianza kupiga 2005, mwaka ule ule nyumba yako ilipojengwa, na ngazi nimeacha kupanda miaka miwili iliyopita kwa sababu ya goti. Nilijifunza kwa ndugu wawili wa Kimeksiko ambao walikuwa hawazungumzi nami lugha yoyote ila ile ya pima maji na nyundo. Walinifundisha vizuri.

La kwanza: usitie saini karatasi yoyote. Wote wawili wamekosea. Wa kwanza anataka kukuuzia ukuta mzima kwa ugonjwa wa mbao kumi. Wa pili anataka kuupaka rangi ugonjwa.

Hukudanganywa. Ubao wenyewe ni mzuri. Ni saruji, mchanga uliosagwa laini, maji na nyuzi za mti, kisha unapikwa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa. Mchwa hana cha kula humo, na moto hauna cha kushika. James Hardie, ambao ndio wakubwa wa mali hii hapa Marekani, wanaandika dhamana ya miaka 30 kwa ubao na miaka 15 kwa rangi ya kiwandani. Lakini hiyo dhamana, kama ya viwanda vingine, haigusi kosa la aliyepigilia. Na katika miaka yangu yote nimefumua mbao nyingi sana zilizoharibika. Zilizoharibika kwa kosa la kiwanda nazihesabu kwa vidole. Zilizobaki zote, maji yalikaa mahali ambapo fundi au mwenye nyumba aliyawekea kizuizi.

Sasa sikiliza kwa nini unaachia tabaka tabaka, maana mfano wako wa chapati umeupatia kuliko unavyojua. Mashine inayotengeneza mbao hizi ni uzao wa ile ya Ludwig Hatschek wa Austria, aliyepata hataza yake mwaka 1901. Inachota utando mwembamba wa uji wa saruji na kuuzungushia kwenye silinda, utando juu ya utando, mpaka unene utimie. Unene wenyewe kwa ubao wa kawaida ni inchi 5/16, kama milimita 8. Kwa hiyo ndani mna matabaka, kweli kabisa. Ukingo wa ubao ukinywa maji mpaka ukashiba, halafu baridi ya hapa ikashuka chini ya sifuri, maji yale yanakuwa barafu na kutanuka kwa kama asilimia 9. Yanasukuma tabaka na tabaka. Mchana wa Machi yanayeyuka, ubao unakunywa tena, usiku yanaganda tena. Hesabu mwenyewe usiku na mchana wa namna hiyo tangu 2005. Na kaskazini jua halifiki, kwa hiyo ubao haupati hata nafasi ya kukauka.

Ndiyo maana nakuuliza: chini ya ile mistari miwili kuna nini? Mie nataka kubahatisha. Kuna kitanda cha maua, au vipande vya mbao vya kufunika udongo, au zege ya njia, na vimegusa saidingi. Nenda kapime. Kutoka ukingo wa chini wa ubao hadi udongo lazima kuwe na inchi 6, yaani sentimita 15. Kukiwa na zege, deki au ngazi, inchi 2. Juu ya paa pia inchi 2. Na theluji isirundikwe kwenye ukuta ule. Mwambie anayesukuma theluji aitupe upande mwingine.

Ukitaka kuielewa saidingi usianze na Marekani, anza na makuti. Mwezekaji anaanza chini ukingoni, anapanda juu, kila kuti linalalia lililo chini yake, na tone la mvua linakabidhiwa kutoka kuti hadi kuti mpaka linaanguka nje, mbali na ukuta. Hakuna gundi pale. Hakuna aliyeziba kitu. Saidingi ni hivyo hivyo: ubao wa juu unalalia wa chini angalau inchi moja na robo, na ule wa kwanza kabisa unawekewa kipande chembamba mgongoni ili uegemee nje kama wenzake. Na pale Mji Mkongwe tumeona nyumba za mawe na chokaa, zimesimama miaka na miaka, mtu akazipiga lipu ya saruji kwa kuona ni ngumu zaidi. Unyevu uliokuwa ukitoka kupitia chokaa ukafungiwa ndani, na ukuta ukaanza kumomonyoka. Sijaona ukuta, wa kwetu wala wa hapa, uliodumu kwa kuzibwa kila mahali.

Hapo ndipo nakuja kwenye sehemu yako ya pili, paa la gereji. Hiyo inanitia wasiwasi kuliko ile ya chini, na ningetaka uishughulikie kwanza. Paa likikutana na ukuta, maji yote ya paa yanateremka kufuata ukuta. Mwisho wa paa panatakiwa kipande cha bati kilichokunjwa, kama kiganja kilichogeuzwa, kinachoyapiga maji yatoke ukutani yaingie kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa. Kipande hicho ni cha dola chache. Wengi wamekisahau. Kisipokuwepo, maji yanaingia nyuma ya saidingi kila mvua, na nyuma ya saidingi kuna ubao wa OSB, ule wa vipande vya mti vilivyobanwa kwa gundi, na nguzo za mti, ambavyo vinaoza. Ubao wako wa saruji utaonyesha doa tu, huku nyuma mambo yameshaharibika. Tazama pale kama bati hilo lipo, na tazama kama kuna mtu alipaka gundi kuziba mwanya kati ya saidingi na paa.

Nikwambie na la misumari, maana ukimleta fundi lazima ujue cha kumtazama. Mwaka 2006 tulipiga saidingi nyumba moja ya ghorofa mbili, kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilitaka iishe kwa siku nne. Msimamizi akaongeza presha ya kompresa ili bunduki za misumari zisikwame. Kila msumari ukazama, kichwa kikatoboa uso wa ubao. Kwa nje huoni kitu, kwa sababu msumari unapigwa juu, robo tatu ya inchi hadi inchi moja kutoka ukingo, na mstari unaofuata unaufunika. Nilisema, sikusikilizwa, na nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni na nilihitaji kazi. Miezi kumi baadaye upepo wa kiangazi ukaja, upande wa magharibi mbao zikaanza kuteremka na kupiga ukuta usiku kucha. Ndani ya nyumba ile mlikuwa na mama mwenye kichanga. Tulirudi tukafumua upande mzima. Tangu siku ile, presha naipima mwenyewe kwa kipande cha ubao kabla ya kupanda, na sijanyamaza tena. Kichwa cha msumari kiguse uso wa ubao, kikae sawasawa, kisizame wala kisiachie. Msumari uwe wa kuchovywa zinki au wa chuma kisichoshika kutu, na uingie kwenye nguzo ya ukuta, siyo kwenye OSB peke yake. Nguzo zenu huwa kila inchi 16.

Maungio yaliyovimba: mbao mbili zikikutana lazima zikutane juu ya nguzo, na nyuma yake kuwe na kipande cha bati au cha shuka, upana wa inchi 6 hivi, kinacholalia mstari wa chini ili maji yatoke nje. Na kila ukingo uliokatwa kwa msumeno unatakiwa kupakwa praima, ile rangi ya kwanza ya chini, au rangi kabla ya kupigiliwa. Hilo ndilo linaloachwa zaidi kuliko yote, kwa sababu linachukua dakika moja kwa kila ubao na hakuna anayeliona. Ukingo uliokatwa ukiachwa hivi hivi, ni mdomo wazi.

Kapime, piga picha, niletee majibu. Kuhusu fito za kaka wa Tacoma: amesema kweli, na ningejenga nyumba yangu leo ningeziweka. Lakini kwako hatufumui ukuta mzima kwa ajili hiyo.

MamaWawili_MN:

Mzee wangu, nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea mume wangu kwa sauti. Ahsante sana.

Jumamosi tulitoka na koleo na futi ya kupimia. Umebahatisha kweli. Mwenye nyumba wa zamani alijenga kitanda cha maua upande wa kaskazini kwa mawe, na juu yake kila mwaka watu wameongeza vipande vya mbao, na sisi pia tumeongeza miaka hii yote, kwa sababu kila jirani anafanya hivyo na hakuna aliyetuambia. Tulipofukua tukakuta ubao wa chini kabisa umezama sentimita tano ndani yake. Umelowa kama sifongo. Mahali ambapo kitanda cha maua kinaishia, ndipo kuchubuka kunapoishia. Kama vile mtu kapiga mstari.

Kwenye gereji lile bati la kukunja halipo. Gata linaanza pale pale kwenye ukuta, limegusa saidingi. Na ndiyo, kuna gundi nyeupe imejazwa kati ya saidingi na paa, mita mbili nzima.

Nimetoa nje vile vipande vya mbao vyote. Sasa nifanye nini, na nimwambieje fundi ili asinipige elfu thelathini?

JiraniYetu_Columbus:

Samahani naingilia. Nyumba yetu ni ya 1958 na ina vigae vya ukutani vya saruji, vifupi, vina mawimbi chini. Ni kitu hicho hicho? Nilitaka kukata kimoja nipitishe bomba.

Fundi_Mkunazini:

Wa Columbus, weka msumeno chini kwanza. Hicho si kitu hicho hicho. Nyumba ya 1958 yenye vigae vya saruji vya namna hiyo, chukulia ni asbesto, zile nyuzi za jiwe zinazodhuru mapafu, mpaka maabara ikwambie vingine. Ile mali ya Hatschek ya mwanzo ilikuwa saruji na asbesto. Nyuzi za mti zilikuja kuchukua nafasi yake baadaye sana, miaka ya 1980. Kigae kikiwa kizima na kimepakwa rangi, kiache kilivyo. Usikikate, usikitoboe, usikisugue, usikipige maji ya presha. Ita watu wenye leseni ya kazi hiyo, wao ndio wachukue kipimo.

Na hata mbao za leo zisizo na asbesto, vumbi lake lina silika, yale madini ya mchanga, na silika inakaa kifuani haitoki. Tangu 2017 sheria ya usalama kazini hapa Marekani imeweka mpaka wa mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo kwa zamu ya saa nane, na ni kidogo sana hicho, hukioni kwa macho. Nimefanya kazi na vijana waliokuwa wakikata ndani ya gereji iliyofungwa kwa sababu nje kuna baridi. Msikubali. Kukata ni nje, mgongo kwa upepo, kwa msumeno wenye kifyonza vumbi na bapa la meno manne ya almasi, au kwa mkasi mkubwa wa umeme ambao hautoi vumbi karibu hata kidogo. Na barakoa ya kweli, siyo kitambaa. Mwanangu, fundi wako akija akaanza kukata chini ya dirisha la watoto, msimamishe.

Sasa kazi yako. Mita saba kwa mistari miwili: ubao mmoja ni futi 12, kama mita 3.66, kwa hiyo mbao mbili kwa kila mstari, jumla nne. Gereji tatu. Weka na akiba, kwa sababu kuchomoa ubao kunaweza kuvunja ule wa juu yake. Nunua kumi. Kila mmoja una kama kilo tisa. Ubebwe na watu wawili, umesimama kwa ubavu. Ukiubeba umelala unakatika katikati. Na uwekwe mahali pakavu, juu ya vipande vya mti, umefunikwa. Ubao uliopigiliwa ukiwa umelowa ukikauka unasinyaa na maungio yanafunguka.

Kuchomoa: anainua kidogo ubao wa juu kwa mtaimbo mdogo bapa, taratibu, anaingiza bapa la kukatia chuma, anakata misumari ya ubao mbovu, unatoka. Ubao mpya wa mwisho atalazimika kuupigilia usoni, hakuna njia nyingine, kisha vichwa vya misumari vipakwe rangi. Akikwambia lazima afumue ukuta mpaka juu ili abadilishe mistari ya chini, huyo hajui au anataka pesa.

Kabla mbao mpya hazijaingia, apime unyevu wa OSB nyuma kwa kile kipima unyevu chenye sindano mbili. Ikizidi asilimia 20, msifunge. Acheni wazi ikauke, mfunike kwa turubai ikinyesha. Gereji nina hakika mtakuta kuoza; kipande kilichooza kikatwe chote mpaka kwenye mti mzima, OSB mpya, shuka mpya inayoingia chini ya ile ya juu, kama makuti. Bati la kutupia maji liwekwe. Gata lisiguse saidingi tena, liachwe na mwanya wa inchi moja. Ile gundi nyeupe itolewe yote, na saidingi ikatwe pale iwe inchi 2 juu ya paa. Pale juu ya madirisha yako pia tazama: kati ya ubao na bati la juu ya dirisha panatakiwa mwanya wa robo inchi, na mwanya huo hauzibwi. Watu wanauona wanadhani umesahauliwa, wanauziba, na maji yanabaki nyuma. Gundi ni ya pembeni tu, ubao unapokutana na ubao wa kona au fremu ya dirisha, na iwe ya kupakika rangi. Silikoni tupu rangi haishiki juu yake.

Udongo ushushwe. Usikubali mtu akwambie atakata saidingi iwe fupi ili maua yabaki. Shusha udongo mpaka sentimita 15 zionekane, na mteremko uende mbali na nyumba, sentimita 15 kwa mita tatu za mwanzo. Panda maua mbele zaidi, yatapendeza vile vile.

Ukimwita fundi usimwambie "ukuta wangu umeharibika". Mwambie haya niliyoandika, kitu kwa kitu, akupe bei ya kila kimoja kwa maandishi. Anayejua kazi atafurahi kusikia mwenye nyumba anajua.

MwanaDiani:

Mzee shikamoo. Mimi niko Pwani, Kenya, nataka kuziweka hizi kwenye vyumba viwili vya wageni, mita mia mbili kutoka baharini. Zitakaa?

Fundi_Mkunazini:

Marahaba. Barafu huna, mchwa unao, kwa hiyo ubao utakufaa. Kitakachokuangusha ni msumari. Hewa ya chumvi inakula zinki. Karibu hivyo na bahari tumia misumari na skrubu za chuma kisichoshika kutu, hata kama bei inauma, na mabati ya kukinga maji vivyo hivyo. Acha hewa ipite nyuma kwa fito. Msingi uwe juu, maana mvua ya masika inaporuka kutoka chini inafika mbali.

MamaWawili_MN:

Nimerudi kuwapa habari, wiki sita zimepita.

Nilipata fundi wa tatu, kijana wa Kiekwado na mdogo wake. Nilimpa karatasi yenye maneno yako mzee, nimeyatafsiri. Akaisoma akauliza, "Nani amekuandikia hii?" Nikamwambia ni mzee wetu. Akasema angependa kufanya kazi naye.

Kaskazini OSB ilikuwa imelowa ukingoni tu, asilimia 24 siku ya kwanza. Tuliiacha wazi siku tano, ikashuka hadi 14, wakafunga. Gereji ilikuwa kama ulivyosema. Alipotoa ubao wa pili, kipande cha ukuta kilimomonyoka mkononi mwake, na nguzo moja ilikuwa nyeusi mpaka usawa wa goti. Upande wa pili wa nguzo hiyo ni chumba cha mwanangu mdogo, kitanda chake kiko pale pale. Yule aliyetaka kupaka rangi angeyafunika hayo yote. Nilisimama pale nikatetemeka.

Nguzo imebadilishwa, OSB mpya, shuka, bati la kutupia maji lipo, gata limesogezwa. Alitumia mbao tisa. Moja imebaki, tumeiweka gereji. Jumla dola 3,900 pamoja na kushusha udongo. Kila ukingo aliokata mdogo wake aliupaka praima kwa brashi, mimi niko pale nimesimama na kikombe cha chai, na sikuhitaji kumkumbusha hata mara moja.

Jana ilinyesha kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilitoka na mwavuli kutazama pale kwenye gereji. Maji yanakuja na paa, yanafika kwenye lile bati, yanageuka, yanaingia kwenye gata. Chini yake ukuta mkavu.

Swali moja limebaki. Mbao mpya zimekuja na praima tu, na rangi yetu nimeshindwa kuipata sawasawa. Naweza kungoja mpaka mwakani tupake upande wote kwa pamoja?

Fundi_Mkunazini:

Alhamdulillahi. Umenifurahisha na huyo mdogo wake.

Usingoje mwakani. Praima ya kiwandani ina siku 180, baada ya hapo inachoka na rangi haishiki vizuri. Mwakani hapa kwetu maana yake ni Mei, zitakuwa zimeshapita. Mpeleke mwenye duka la rangi kile kipande kilichokatwa cha ubao wa zamani, kioshe kwanza, atakisoma kwa mashine akuchanganyie. Chukua akriliki ya maji ya nje, usichukue ya mafuta. Paka mara mbili, rangi juu ya rangi. Paka kabla ya mwisho wa Septemba, siku ambayo usiku wake haushuki sana kwa baridi, na anza juu uteremke.

Na ule ubao mmoja uliobaki gereji usiusimamishe umeegemea ukuta, utapinda. Ulaze, uuinue kutoka sakafuni kwa vipande vitatu vya mti.